Kumtuliza Mzee Musili

Picha ya pili nayo ilitoka na ukungu, kwa kuwa mgonjwa alijitikisa tena. Uti wa mgongo wa Mzee Musili ulionekana kama kitu kilichozama kwenye maji machafu, na daktari wa upasuaji alikuwa ameshanipigia simu mara tatu. Tangu Ijumaa miguu ya mzee ilikuwa ikifa ganzi. Bila picha safi daktari asingeweza kumpasua, na asipopasuliwa siku hiyo, huenda asingetembea tena.

Nilikuwa na miezi minne tu kazini katika kituo kile cha kupiga picha za MRI, Kilimani. Mwenzangu Caren alishauri apewe dawa ya usingizi. Daktari akakataa, kwa kuwa kifua cha mzee kilikuwa kibovu. Basi nikakaza mikanda ya kitanda cha mashine. Siku hizo nilidhani mgonjwa hutulizwa kwa mikanda. Dakika mbili tu ndani ya mashine, akabonyeza kengele niliyompa mkononi. Nilipomtoa alikuwa akihema, gauni limelowa jasho.

Nikamwinamia, nikamuuliza maumivu yalikuwa wapi hasa.

"Si maumivu, mwanangu," alisema. "Kabla sijawa mtunza bustani Lavington, nilichimba visima Riruta. Udongo ukatuangukia, mimi na ndugu yangu. Nilibanwa hivi hivi, mikono ubavuni. Waliyemtoa hai ni mimi peke yangu."

Nilifungua mikanda yote. Nikamwekea mto chini ya magoti na mablanketi yaliyokunjwa chini ya viwiko. Nikavua saa na bangili zangu, maana mashine ile ni sumaku kubwa. Nilipomshika kifundo cha mguu ili ajue nipo, akatikisa kichwa.

"Hapo sisikii."

Nikamfunika macho kwa kitambaa, nikaziba masikio yake na yangu, nikamrudisha ndani ya mashine. Nikazunguka upande wa kichwa, nikaingiza mkono ndani, nikamwekea kiganja begani. Caren akawasha mashine.

Dakika kumi na nane. Mashine ilipiga kelele kama mafundi wanaogonga mabati. Aliyetetemeka ni mimi. Nilihofia mtetemo wangu ungemhamia, lakini sikuthubutu kuutoa mkono. Bega lake lilipanda, likashuka, taratibu.

Picha ikatoka safi. Alipasuliwa jioni ile.

Miezi mitatu baadaye alinipigia simu kutoka Machakos. Alisema anaenda kanisani kwa mkongojo. Nikamuuliza kama analala vizuri. Akaanza kunisimulia habari za ndugu yake. Mgonjwa mwingine alikuwa tayari mlangoni, lakini sikukata simu.