Kisanduku cha Kumi na Nne

...na vingine vyote ameshaviwekea tiki, ishirini na kimoja kwa hesabu yake, taa za mbele tiki, taa za nyuma tiki, vioo tiki, honi tiki na aliipiga kabisa asije akatia tiki ya uongo, wipa, mikanda, kizimamoto ambacho alikigeuza asome tarehe, tairi zote moja baada ya nyingine akizigonga kwa chuma na kusikiliza kama daktari, kimebaki kisanduku kimoja tu katikati ya fomu, cha kumi na nne, breki, na fomu iko juu ya goti la kushoto, kalamu iko mkononi, mguu wa kulia umekanyaga pedali, injini imezimwa, na mshale wa geji ya upepo, ambao dakika moja iliyopita ulikuwa umetulia kwenye nane kama mgeni aliyepewa kiti kizuri, hauko tena kwenye nane. Umesogea. Unywele tu, labda ni macho, macho nayo yana miaka arobaini na saba, labda ni kivuli cha usukani, sogeza kichwa, funga jicho moja, fungua, funga la pili... umesogea... “Fundi, usinikatize, nisikilize kwanza,” anasema dada wa ofisini kwenye kiti cha abiria, simu sikioni, na anamwinulia dereva kidole, dakika moja kaka, naye dereva anainamisha kichwa kwa adabu zote, chukua hata kumi dada yangu, kwa sababu huyu ndiye anayewapima madereva wapya, ndiye aliyemkabidhi fomu akasema weka tiki zote tu kaka, hiyo ni utaratibu, halafu tushuke na mzigo wetu hadi kwenye mizani tugeuze, ukinirudisha salama mkataba uko mezani, na hapo hapo simu yake ikaita, na badala ya kutazama nje kama watu, maana nje kulikuwa na mengi ya kutazama, kulikuwa na ukuta, kulikuwa na pipa, kulikuwa na mlinzi anayekata kucha, dereva akafanya kile ambacho viungo vyake hukifanya vyenyewe baada ya miaka ishirini na mbili, akajaza upepo, akazima injini, akakanyaga, akatazama geji. Nani alimtuma? Breki za malori haya ni upepo, ukikanyaga pedali injini ikiwa kimya mshale unatakiwa ukae kama umepigwa msumari, ukianza kushuka basi kuna mahali unavuja, na upepo ukipungua breki hulegea pale unapozihitaji au hujifunga zenyewe pale usipozitaka, na yote mawili, katika mteremko, na tani ishirini na nane za mbolea mgongoni, si habari ya kumpelekea mke nyumbani...

...leo usione kitu, ndivyo alivyosema mkewe asubuhi akimnyoosha kola, nakuomba baba watoto, leo tu uwe kipofu kidogo, hata ukikuta gari halina usukani sema asante, usukani utauomba mwezi wa pili, na alicheka aliposema, lakini mkono ulikaa kwenye kola muda mrefu kuliko kola ilivyohitaji, kwa kuwa ni miezi minane sasa bila kazi, miezi minane ya kuishi na mwanaume anayekagua nyumba, anayejua bawaba ipi inalia na bomba lipi linakojoa ukutani, aliyemwambia mama mkwe kwa heshima kabisa, shikamoo mama, hicho kiti usikikalie, mguu una ufa, mama mkwe akakikalia makusudi kuonyesha kwamba yeye hukaa anapopenda, kiti kikaenda chini naye, na mpaka leo ukoo mzima unashikilia kwamba kilivunjwa na mdomo wa mkwe, wala hajatokea hata mmoja wa kuuliza habari za ufa. Na shemeji, kaka wa mkewe, mtunza stoo wa hapa hapa, aliyempigania hadi akaitwa, shemeji naye alimvuta pembeni getini, shemeji nimeweka jina langu mezani, wewe kazi yako kuendesha, mambo ya kuona waachie wenye mishahara ya kuona. Sawa. Sawa shemeji. Haoni. Saba na robo tatu.

“Mguu wa nyuma, fundi. Mfupi. Mama akikaa anaelekea dirishani... Eti? Eti niweke kadibodi?”

Kochi, basi ni kochi, amemnunulia mama yake kochi na kochi limefika kilema, pole dada, na kadibodi haitasaidia, kadibodi ikilowa hunywea, angeweka kipande cha mbao ngumu chenye... lakini nyamaza, hukuulizwa, mdomo huo ndio uliokuponza kwa matajiri watatu. Tajiri wa vitunguu aliyetaka aende na kurudi siku mbili bila kufumba jicho, kulala utalala uzeeni kijana wangu, na kijana wake ana mvi. Tajiri wa mbao aliyefunga wipa kwa kamba ili dereva avute kwa mkono mvua ikinyesha, mkono wa kushoto kamba, wa kulia usukani, gia labda kwa meno. Na tajiri wa saruji, ah, huyo ndiye aliyemuua, kwa sababu pale yeye alikataa kuondoka na tairi ya mbele iliyoisha hadi nyuzi zinachungulia, akasimama uani mbele ya wenzake akasema kwa sauti kwamba tairi hii haifiki, na mwenzake mmoja akarusha begi ndani ya kabini, akawasha, akaondoka nayo, na baada ya siku tatu akarudi anapiga mluzi, tairi ileile, nyuzi zilezile, akashusha tikiti maji kubwa akawakatia wote, na yeye aliyekataa akamkatia kipande kinene kuliko vyote, kula Kasoro, kula upate nguvu ya kuogopa, na jina likamganda, Kasoro, hata mke wa tajiri alimwita hivyo, na aibu kubwa kuliko hiyo, ambayo hajamwambia mtu, ni kwamba zile siku tatu alikuwa anaomba, si ajali, hasha, aombe ajali ana wazimu? alikuwa anaomba pancha. Pancha moja tu, mahali pazuri, penye kivuli. Mungu hakumpa hata pancha. Akala tikiti. Lilikuwa tamu.

Saba na nusu. Na hii ndiyo inayouma, kwamba hii ni kazi, si kibarua, kazi, madereva wawili kwa safari ndefu, mkataba wa kurasa sita wenye neno likizo ndani yake, alilisoma mara mbili, na hapa nyuma ya kiti kuna kitanda chenye godoro ambalo bado liko kwenye nailoni, alilibonyeza kwa kidole dada alipokuwa anapanda, likazama, likarudi, kidole kikafurahi kuliko mwenyewe. Na yote haya yanasimama juu ya kisanduku kisichozidi ukucha wa mtoto. Tia tiki. Mteremko wenyewe si mrefu, aliupanda kwa miguu asubuhi, kuna kona, kuna geti la shule ya chekechea, hapana, usiifikirie chekechea, saa hizi watakuwa ndani, wanaimba, watoto huimba ndani... washa injini tu, injini ikiwaka upepo utajaa tena, mshale utapanda, utadanganya vizuri kabisa, mbona malori nusu ya barabara yanatembea hivyo, unavuja huku unajazwa kule, kama sisi sote, tia tiki baba watoto...

“Hapana, ngoja. Nakuuliza kitu kimoja. Ulipolipakia, ulijua?”

Kalamu inasimama hewani. Dada ameitoa simu sikioni kidogo, anaitazama, anairudisha. “Usinizungushe, fundi. Ulijua au hukujua?”

...hivyohivyo, kwa maneno hayohayo, aliuliza mfyatua matofali, mwaka ule wa lori la maji, mara moja ile tu katika maisha yake aliyonyamaza, kwa sababu baada ya tikiti alijiapiza hataona tena kitu, na pedali ya lori la maji ilikuwa laini asubuhi ile, laini kama mkate uliolowa, aliihisi, akasema moyoni Kasoro nyamaza, akanyamaza, na chini ya kilima pedali ikaenda hadi sakafuni bila kukutana na mtu, akabaki na usukani na honi, akaingia kwenye uwanja wa matofali akipiga honi kama bwana harusi, akapita katikati ya matofali mia sita mabichi na kusimama kwenye lundo la udongo, maji yakimwagika nyuma yake yakirudisha matofali yote kuwa tope, na kutoka nyuma ya ukuta akatokea mfyatua matofali anafunga suruali, kwani alikuwa amekaa palepale kwenye ndoo yake, palepale lilipo gurudumu, akabanwa na mkojo, akainuka. Mkojo tu. Watu walicheka, yeye mwenyewe alicheka, wakasema kibofu chako kijengewe mnara, na kila mtu akiwa anacheka yule mtu akasogea dirishani, akauliza taratibu, bila hasira, kama anayeuliza saa, ulijua? Naye akajibu sikujua. Na yule mtu akamwamini. Akampa pole! Akamletea maji ya kunywa kwenye kikombe chenye tope pembeni, na akayanywa.

Saba na robo. Fundi huko aliko lazima anajibu kitu kirefu, dada anasikiliza amefumba macho, mlinzi amehamia mkono wa pili, na sasa kwa kuwa kabini iko kimya dereva anausikia upepo, sss, mwembamba, hauko mbele, hauko chini ya kiti, anageuza sikio kama kuku, nyuma, kushoto, pale mpira wa upepo unapoungana na tela, si jambo kubwa hata, oringi imechoka, kipete cha mpira tu, kitu cha robo saa na spana mbili, na anajishangaa, kwa sababu miezi minane amekuwa akimwambia mkewe anatafuta kazi yenye gari zima, na gari zima halipo, jipya leo litachoka kesho, hata hili na godoro lake la nailoni linavuja, kumbe hakuwahi kukataa magari mabovu, alikataa, alikataa nini... kile kicheko, ile kadibodi, kwenda kwa watu na ufa mdomoni na kukuta kwamba wote wanautazama mdomo. Angetaka mara moja tu aseme breki mbovu, na mtu amuulize upande gani. Basi. Hiyo ndiyo kazi nzuri, hata godoro likiwa la nyasi.

“Ungesema tu, fundi,” anasema dada, na sauti imeshuka, “ungesema mguu mfupi, ningekungoja wiki,” naye dereva anamtazama kwa pembe ya jicho, huyu huyu aliyesema weka tiki zote, nyani haoni... lakini pale ni mama yake anayekaa, hapa ni mbolea, watu hupima mbili hizo kwa mizani tofauti, hawezi kujua, hakuna njia ya kujua ila moja, na mkewe atanyamaza siku tatu, na shemeji atalichukua jina lake mezani kwa mikono miwili, na mama mkwe atasema nilisema, na kalamu inashuka, na ndani ya kisanduku cha kumi na nne inachora mkasi, mstari mmoja, mstari wa pili, na kwa kuwa nafasi pembeni ni ndogo anaandika kwa herufi ndogo nadhifu, upepo unavuja, na anaacha hapo, upande hauandiki, upande anaubakiza kinywani, kushoto nyuma dada, robo saa tu, nitashuka mwenyewe, anaushikilia pale kwa ulimi kama anayebeba yai. Na kama akisema kaka, si nilikwambia ni utaratibu, basi atashuka pia, ataufunga mlango polepole bila kuubamiza, maana mlango ni kisanduku cha tisa na hauna kosa lolote. Dada anamwinulia kidole tena, dakika moja. Dereva anainamisha kichwa. Mguu bado uko kwenye pedali, mshale umefika saba, naye anamgeuzia dada fomu juu ya goti, sehemu ya maandishi ikiwa upande wake, ili akikata simu asihangaike kuisoma.