Mshono wa Ndani

Kitendawili: ninacho tangu kuzaliwa, wenzangu wakikitafuta hawakioni. Fundi cherehani alikitega mwenyewe na kukitegua mwenyewe: kidevu chake. Uso wake, alikuwa akisema, huteremka mpaka shingoni bila kupata kituo. Hata utepe wa kofia hauna pa kujishikiza. Alijicheka mapema, ili wengine wakute kicheko kimekwisha.

Mwaka huu alichoka kucheka. Akaenda na wifi yake kwa daktari wa upasuaji, kutaka awekewe kidevu cha bandia.

Daktari akawaeleza taratibu. Kuna kupasua chini ya taya, penye kivuli: mstari mfupi, ila kovu linabaki nje. Na kuna kupasua mdomoni, kati ya ufizi na mdomo wa chini: kovu halionekani, lakini mle mna vijidudu, na kidonda huweza kutunga usaha. Kisha akamwomba aonyeshe masikio. Fundi akasita, halafu akasogeza kitambaa. Pale alipotogwa utotoni paliota kovu nene kama harage.

"Ngozi yako haisahau, mama," daktari akasema. "Nikikukata kwa nje, huenda likaota jingine kama hilo."

"Mtu alikosa kimoja, sasa atakuwa na videvu viwili," wifi akasema.

Fundi akacheka kuwashinda wote. Akasema yeye ni mtu wa mishono, na mshono mzuri ni wa ndani, apasuliwe mdomoni. Daktari akakubali kwa sharti moja: mpaka kidonda kipone, asitie mdomoni kitu kigumu wala chenye ncha. Fundi akaapa hana tabia hiyo, kwani yeye mtoto?

"Na hicho kinachong'aa ni nini?"

Wifi, aliyekiona tangu wanatoka nyumbani, akageukia ukutani, mabega yanamtikisika. Fundi akajipapasa mdomo. Pini. Aliibana pembeni asubuhi akipima gauni la mteja, na ameongea nayo safari nzima.

Akarudishwa nyumbani ajifunze kwanza kushona mdomo ukiwa mtupu, ndipo wazungumze habari za kisu. Jioni akashona kijimto cha kuchomekea pini, akakijaza vipande vya nguo, akakifunga mkononi kama saa. Kikatokeza mviringo, na kijishimo katikati.

Wifi akakitazama sana. "Si kidevu hicho?"

"Ndicho. Kimekuja, ila kimepotea njia," fundi akajibu, kwa shida kidogo, maana meno yalikuwa yamebana pini.