Hesabu za Nyuma ya Ukuta

Mwaka wa sabini na moja nilifanywa posta katika boma langu mwenyewe, na hakuna aliyeniuliza kama nataka kazi hiyo.

Mke wa mwanangu Kebaso, aitwaye Bochaberi, alikuwa anangoja mtihani wa kuingia chuo cha ualimu. Hesabu zilikuwa zimeshamwangusha, na chuo kilisema wazi kwamba akianguka tena asirudi. Angebaki kuchuma chai, na mimi najua mgongo wa mchuma chai unavyouma. Kilichomshinda ni logi, zile logarithimu za hesabu. Na mtu wa pekee aliyezijua logi hapa kwetu karibu na Sotik alikuwa mume wangu Mokaya, mwalimu mstaafu.

Ungedhani mambo yamekwisha. Thubutu! Sisi ni Wakisii. Kwetu baba mkwe haingii nyumba ya mke wa mwanawe, wala hawapeani mkono. Wangekaa nje uwanjani, lakini mvua ya alasiri huku haibembelezwi. Basi Mokaya akawa anaandika swali kwenye kibao, mimi nakificha chini ya leso, nakimbia nacho kwa Bochaberi, nangoja, narudi na jibu. Mokaya anatikisa kichwa, anafuta, natumwa tena.

"Mwambie asitenganishe hiyo ya kujumlisha."

"Nimemwambia."

"Mbona ameitenganisha tena?"

"Kwani ni mimi nafanya mtihani?"

Siku moja kabla ya mtihani niliteleza kwenye matope, kibao kikaanguka kifudifudi, maandishi yote yakaenda na maji. Hasira zilinipanda. Nilimwambia Mokaya achukue koti na kigoda, akakae chini ya upenu wa Bochaberi, mgongo ukutani, aseme mwenyewe. Nje si ndani. Aliwaza kidogo, kisha akachukua kigoda.

"Bochaberi!" akapaza sauti kushinda kelele za mvua kwenye mabati. "Logi ya mia ni ngapi?"

"Mbili, Baba."

"Na ya kumi?"

"Moja."

"Sasa wewe uliandika logi ya mia kujumlisha kumi ni mbili kujumlisha moja. Tatu. Namba gani logi yake ni tatu?"

"Elfu."

"Kwa hivyo ukichuma chai ratili mia asubuhi, na kumi jioni, karani aandike elfu?"

Nikasikia Bochaberi akicheka humo ndani mpaka akakohoa.

"Ni mia *mara* kumi ndiyo elfu! Kuzidisha ndiko natenganisha. Mia na kumi naiacha vile iko!"

"Hapo sasa," alisema Mokaya. Miguu yake ilikuwa imelowa chapachapa, naye hakujali. Mimi pumzi zilinishuka kama niliyetua mzigo wa kuni.

Majina yalipobandikwa Sotik, Bochaberi alirudi mbio. Alipomwona Mokaya kwenye ua alisimama mbali, kwa heshima.

"Baba, wamenichukua!"

Mokaya aliinua mkono, akakumbuka, akaushusha. Machozi yalimlengalenga. Kisha akanigeukia, akaushika mkono wangu akautikisa kwa nguvu.

"Mama Kebaso, mpelekee."

Nikavuka uwanja na mkono ule, nikampa Bochaberi. Aliushika kwa mikono yote miwili, tukalia kwa furaha. Siku hiyo sikulalamika kutumwa.