Dozi ya Kukaa

"Hodi hapa kwa fundi!"

Mlangoni alisimama mwanamke ambaye hakuna aliyemjua, viatu vya kuchezea mpira vikining'inia shingoni.

"Karibu. Suruali au gauni?"

"Miguu," alisema mgeni. Alikuwa kapteni wa timu ya wanawake wa kiwanda cha mikate. Winga wao ameteguka, mechi inakaribia kuanza, na wamebaki kumi. "Nimesikia humu kuna fundi anayekimbia asubuhi."

Fundi akasimamisha cherehani. Tangu agundulike kuwa na kisukari, hakuna timu iliyomwita tena. Zote zilimwonea huruma. Akainuka.

Mama mkwe wake, aliyekuwa akipiga pasi, hakuinua kichwa. "Umeshajichoma insulini ya mchana?"

"Nimeshajichoma."

"Kiasi gani?"

"Dozi ya kukaa." Siku za kukimbia huipunguza, leo alipanga kushona tu.

"Umechoma wapi?"

"Pajani."

"Paja hilohilo la kukimbilia! Ukitimua mbio, na dawa nayo itatimua, sukari ishuke."

"Nitapima sukari na kunywa juisi kabla ya kuingia, mama. Na mapumziko nitapima tena. Ikiwa chini ya tano, sirudi mpaka ipande. Nakuahidi."

"Haya," alisema mama mkwe, akichomoa pasi ukutani. "Lakini tunakwenda wote."

Uwanjani fundi alicheza kama ndama aliyefunguliwa kamba. Akapiga krosi, kapteni akafunga kwa kichwa.

"We fundi, ulikuwa umefichwa wapi?"

Wapinzani wakasawazisha. Mapumziko ya dakika tano yalipofika, mama mkwe alikuwa tayari na kipimo. Tone la damu, kisha namba: nne nukta tatu.

"Mbona najisikia mzima kabisa!"

Mama mkwe akamsogezea kipimo aione namba tena.

Fundi akashusha pumzi, akavua viatu, akafungua juisi nyingine. "Kapteni, anzeni bila mimi."

"Tukiwa kumi? Watatumaliza!"

Kweli, upande wa fundi ulibaki mlango usio na komeo. Wapinzani wakapita hapo, wakafunga. Kapteni akageukia benchi, mikono wazi.

Mama mkwe hakuweza tena kukaa. "Wanapita kwako, jamani! Kwani hapo bado? Sukari si imeshaanza kupanda?"

"Bado, mama. Robo saa ya kusubiri juisi kabla ya kupima tena haijatimia," alisema fundi, akampisha nafasi kwenye benchi. "Kaa tuwashangilie."