Sarafu Nane Zisizo na Pengo

"Hizi nane ni safi," sonara alisema, akazisukuma upande wa kulia kwa kidole kimoja. "Hizi nitakulipa kama sarafu. Zile nyingine zote umezitia pengo, fundi wangu. Za pengo mimi naziyeyusha tu."

Fundi wa funguo aliinamia kaunta. "Safi kivipi?"

"Hazina kovu."

"Hebu nione."

Maneno hayo ndiyo yaliyompa jina. Mtaa mzima ulimwita Hebu-Nione, naye hakukasirika, maana aliona ni sifa. Alikuwa na meza ya kuchonga funguo chini ya ngazi za jengo la maduka, na kwa miaka thelathini hakuna aliyemletea ufunguo bila kuulizwa ni wa mlango gani, mlango ni wa nani, na mwenyewe yuko wapi. Ukimjibu haraka, alikushuku kwa kuwa ulikuja na jibu mfukoni. Ukimjibu polepole, ndiyo kabisa.

Akiba yake ilikuwa ya fedha, madini yenyewe, kwa sababu noti aliziona ni karatasi zenye maneno mengi. Hata hivyo alichagua kwa tabu. Bangili na mikufu kuukuu aliikataa: ndani ya bangili mtu anaweza kuficha shaba, na hujui ilivuliwa mkononi mwa nani. Miche, vile vipande vinene vinavyouzwa kwa uzito, aliiogopa kwa unene wake. Kitu kinene kina tumbo, na tumbo halikosi siri. Sarafu ni nyembamba. Kwa hiyo kila sarafu aliyoinunua aliibana kwenye jiliwa, akaikata pengo dogo ukingoni kwa tupa ya pembe tatu, akachungulia. Ikiwa nyeupe hadi ndani, imefaulu. Arobaini na mbili zilikuwa zimefaulu, na zote arobaini na mbili zilikuwa na pengo.

Macho ndiyo yaliyomleta dukani mara ya kwanza, siku tatu kabla. La kushoto lilikuwa limeanza kuyaona meno ya ufunguo kama yamefunikwa na mvuke, na fundi wa funguo asiyeona meno hana kazi. Fedha ile ndiyo ingemlisha yeye na mkewe baadaye, wala hapakuwa na kingine. Sonara alimshauri abadilishe sarafu zote, achukue mche mmoja mkubwa uliofungwa ndani ya plastiki ngumu yenye namba. Kwa uzito ule ule, alisema, mche ni nafuu kuliko sarafu, na kuutunza ni rahisi.

"Na nikitaka kuona ndani?" Hebu-Nione alikuwa ameuliza.

"Huoni. Ukifungua plastiki, umeharibu thamani."

"Kwa hiyo niamini plastiki."

"Uamini muhuri, mzee."

Usingizi ulimruka siku tatu. Leo alikuja na sanduku lake apimiwe tu, ajue la kujua. Na sasa palikuwa na sarafu nane juu ya kaunta ambazo hakuwahi kuzigusa.

"Umenibadilishia," alisema.

Sonara alikunja mikono ya shati hadi kwenye viwiko, akamwonyesha viganja. "Hesabu zako."

Alihesabu kwa kupapasa, kidole gumba kikitafuta pengo. Arobaini na mbili. Akahesabu tena, akianzia upande wa pili. Arobaini na mbili, na zile nane.

"Mwizi gani huyo anayeongeza?" sonara alicheka.

"Huyo ndiye mbaya zaidi."

Akarudisha zake sandukuni, zile nane akazifunga peke yake kwenye leso, akatoka bila kuaga.

Njiani aliwapitisha watu wote kichwani, mmoja mmoja. Sanduku lilikuwa la chuma. Kufuli alilitengeneza kwa mkono wake, na ufunguo ulikuwa mmoja tu, uliolala shingoni mwake hata akienda kuoga. Alilifungua mara chache, ili kuongeza sarafu, na hapo alifanya haraka bila kumwaga mifuko ya sarafu iliyokuwa chini, maana fedha ina sauti na kuta za nyumba ya kupanga zina masikio. Alimfikiria mpangaji wa chumba cha pili. Akamfikiria fundi bomba aliyekuja kuziba bomba akakaa mno, kisha shemeji yake, ambaye alimshuku siku zote, hata pasipo na jambo. Kila mmoja alikuwa na sababu ya kuchukua. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na sababu ya kuweka. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, lakini kuhusu kinachokulisha hawakumwachia neno. Alipobaki mtu mmoja tu wa kufikiriwa, akashika njia ya nyumbani.

Mkewe alikuwa kwenye cherehani karibu na dirisha, akishona kola za sare za shule. Hebu-Nione alikunjua leso juu ya kitambaa chake.

"Hizi nini?"

Mkewe alimaliza mshono kwanza. Akakata uzi kwa meno.

"Nilijua iko siku," alisema.

"Umeingiaje?"

Alivuta kidroo cha cherehani, akapekua katikati ya vifungo, akatoa ufunguo. "Ulipotengeneza lile kufuli ulichonga funguo tatu. Mbili hukuridhika nazo, ukazitupa kwenye kopo la chakavu. Huu mmoja unafungua. Unakwaruza, lakini ukiuvuta nyuma kidogo, unafungua."

Hebu-Nione aliona aibu ya fundi kabla ya aibu ya mume. Miaka thelathini ya kuuliza watu milango yao, na hakuwahi kuliuliza kopo lake mwenyewe.

"Tangu lini?"

"Miaka minane. Kila msimu wa sare ukiisha, nanunua moja."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniuliza pesa imetoka wapi. Ningesema ya kushona. Ungeuliza nimeshona nini, nimemshonea nani, mbona kalipa mapema. Mwaka ungeisha, mzee wangu." Akacheka, kisha kicheko kikamwishia. "Nilitafuta pa kuweka pasipofikika. Nikatazama nyumba nzima, nikaona pako ndipo. Mahali ambapo hata mimi siaminiwi, mwizi atapitia wapi?"

Hilo lilimuuma, na alistahili limuume. Akavuta kigoda, akaketi. Kwa sauti ya chini alimweleza habari za mche, plastiki na muhuri.

"Na siku tukitaka kula kipande chake, tutaukata kwa msumeno?" mkewe aliuliza. "Sarafu unatoa moja, nyingine zinalala."

"Sonara anasema mapengo yangu yameziharibu."

"Zimeharibika kwake. Uzito haujatoroka." Akazisogeza zile nane kwa mumewe. "Lakini hizi hujazikata. Mimi si mjuzi, huenda nimeuziwa bati miaka yote hii. Kata uone."

Jiliwa yake ndogo ya nyumbani ilikuwa pale pale, ukingoni mwa meza, pamoja na tupa. Alichukua sarafu moja, akaibana. Mkono ulijua njia. Ulifika kwenye tupa kabla yake. Mkewe aligeukia cherehani, akaweka mguu kwenye kikanyagio, lakini gurudumu halikuzunguka.

Tupa ilikaa juu ya ukingo wa sarafu kwa muda mrefu. Alitamani kuona ndani. Alitamani vibaya sana, kama mtu mwenye kiu. Kisha akalegeza jiliwa, na sarafu ikamwangukia kiganjani ikiwa nzima.

"Nipe ufunguo wako," alisema.

Sasa ikawa zamu ya mkewe kushuku. Alimtazama usoni, akautazama ufunguo, akaubana kidogo ngumini. Halafu akauweka mkononi mwa mumewe.

Hebu-Nione aliubana kwenye jiliwa, meno juu, akainama hadi pua ikakaribia chuma. Akafumba jicho la kushoto. Akafumbua, akafumba tena.

"Njoo unitazamie," alisema. "Jino la tatu ndilo linalokwaruza. Limezidi wapi?"

Mkewe aliacha kola zake, akaja akainama begani kwake.

"Hapo," alisema. "Hapana, mbele kidogo. Hapo."

Tupa ilisugua mara moja, taratibu, ikatulia ikimsubiri aseme tena.