Joto la Nyuma ya Seva

Skrini ya seva pale kwenye mizani ya miwa Muhoroni ilizimika asubuhi ambayo kila dereva wa trekta aliamua kudamka. Matrekta yakapanga foleni kutoka langoni hadi barabarani, yakipiga honi, kana kwamba kompyuta husikia honi ikaona haya.

Nakhungu, karani wa chumba cha mizani, alikaa mbele ya kioo cheusi, amekunja mikono kama mtu asiyejua lolote. Alijua. Alijua vizuri sana. Chini ya meza, nyuma ya ile seva, pale feni inapopumulia joto lake tamu, kulikuwa na kuku wake akiatamia mayai.

Si kwamba alipenda ofisi iwe banda. Mwenye nyumba alikopanga hakutaka kuku, na paka wa jirani aliwataka kupita kiasi. Chumba cha mizani kilikuwa na kufuli, giza na joto. Kuna wageni wanalipa hoteli Kisumu na hawapati vyote hivyo. Alfajiri ile aliivuta seva kidogo ili amwekee mama mtarajiwa maji, waya wa skrini ukachomoka. Akapapasa gizani, akapata tundu, akausukuma. Ukaingia sawasawa kabisa. Kioo kikabaki cheusi.

Kioo chenyewe hakikumtisha. Kilichomtisha ni Mwenyekiti Absalom, mkubwa wa chama cha wakulima, ambaye aliwahi kumkuta mbuzi wa karani wa zamani amefungwa kwenye mguu wa meza hiyo hiyo. Karani yule siku hizi anauza mahindi ya kuchoma. Mwenyekiti aliapa mbele ya wanachama kwamba mwingine atakayeingiza kitu chenye pumzi humo, ataondoka nacho na asirudi kazini. Na ndiye huyo Mwenyekiti aliyepiga simu Kisumu kuitisha fundi, kisha akasema anakuja kujionea mwenyewe.

Fundi akafika kwa pikipiki, begi mgongoni, shati limechomekwa, kitambulisho kinaning'inia shingoni kama medali. Akatazama dirishani. Nakhungu naye akatazama nje.

"Yawa!" akanong'ona fundi kwa mshtuko.

Alikuwa Frankline, kijana ambaye Shantel, binti ya Nakhungu, alimleta nyumbani majuzi atambulishwe. Siku hiyo alikula polepole na kuongea haraka. "Mama, mimi na seva tunaongea lugha moja," alisema, paja la kuku mkononi. "Hata zile kubwa kubwa, zikiugua zinaniulizia kwa jina." Nakhungu alikuwa hajatoa jibu lake, lakini alikwisha kulipika, na lilikuwa fupi: hapana. Mtu wa maneno mengi vile, siku unga ukiisha atamlisha binti yake hotuba.

Frankline naye aliambiwa tu kwamba mamake Shantel "yuko mambo ya miwa," akadhani anauza ya kutafuna kando ya barabara. Alikuwa hata amemwonea huruma.

"Mama," akasema, akirudi nyuma hadi akagonga gurudumu la trekta. "Sikujua ni wewe."

"Na mimi sikujua ni wewe. Sasa tumejuana. Kaa hapo hapo."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Chumba kile kilijengewa mtu mmoja na robo. Mkwe na mama mkwe hawabanani humo magoti yakagusana, iwe ni kwa Waluo wa Frankline au kwa Wabukusu wa Nakhungu. Na mmoja kuinama chini ya meza mbele ya mwingine, hilo hata kulitaja ni aibu. Nakhungu alizishukuru mila za pande zote mbili. Hakuwahi kuzipenda kama siku ile.

"Si Mama atoke nje kidogo, injinia aingie?" akauliza Waliaula, dereva wa trekta ya kwanza. Trekta yake ilikuwa juu ya mizani, na yeye alikuwa ameegemea dirisha la chumba tangu asubuhi.

"Nitoke? Chumba nimekabidhiwa mimi. Kilo za watu zikipotea, utajibu wewe?"

"Basi niingie mimi nichungulie huko chini."

"Dereva ndani ya mizani! Ndio mzigo wako uanze kunenepa ukiwa umesimama?"

Wenzake wakacheka. Waliaula akajifanya anakagua gurudumu.

Basi Frankline akaanza kuitibu seva akiwa nje, ubavu kwa dirisha, akiongea na trekta ili asimkazie mama mkwe macho.

"Mwulize Mama kama seva ina taa."

"Mama, seva ina taa?" Waliaula akapaza sauti, kana kwamba Nakhungu alikuwa mbali kule Katito.

"Mwambie iko na taa ya kijani na inanguruma."

"Na kioo kinasema nini?"

"Kinasema hakuna signal. Kisha kinalala."

"Abonyeze Num Lock kwa keyboard. Kile kitaa kidogo kinawaka na kuzima?"

"Kinawaka. Kinazima."

"Basi seva ni nzima," Frankline akaijulisha trekta, na ile sauti ya hotuba ikaanza kumrudia. "Kazi inafanya. Uso ndio imeficha, kama mtu aliye ndani ya nyumba amefunga mapazia. Waya upande wa kioo umekaza?"

"Umekaza."

"Basi ni upande wa seva. Kule nyuma, chini."

"Kule hakuna shida," Nakhungu akasema, haraka kidogo kuliko inavyofaa.

Trekta ya nyuma ikaisukuma ya Waliaula, naye akakimbia kwenda kutukana. Hapo ndipo kuku alipochoshwa na mazungumzo ya watu. "Kwo," akasema. "Kwo-kwo-kwo."

Frankline akasogea dirishani. "Mama, hiyo ni sauti ya nini?"

"Ni feni."

"Feni."

"Feni. Imezeeka."

Frankline akasikiliza tena, kichwa upande. "Hii feni, Mama... itaangua lini?"

Huko langoni, gari la Mwenyekiti lilikuwa linajipenyeza kando ya matrekta. Nakhungu akaliona. Frankline pia akaliona.

"Wiki ijayo," Nakhungu akajibu, kwa sauti ambayo binti yake hajawahi kuisikia.

Frankline akakohoa, akapanua kifua, akawa injinia.

"Wote!" akaguta. "Geukeni mtazame kiwandani! Kioo cha seva kikiwaka baada ya hitilafu hutoa miale. Ikikupata machoni, miwa utaiona ni mahindi hadi Krismasi!"

Waliaula ndiye aliyegeuka kwanza, kofia usoni. Wengine wakafuata. Frankline naye akageuka, akajifunika kwa begi.

"Mama, hakuna anayekuona. Waya una kichwa cha bluu. Seva za aina hii nyuma zina matundu mawili kama mapacha. La juu hunyamazishwa kadi ya picha ikiongezwa. Toa hapo, ingiza la chini. Usilazimishe."

Nakhungu akapiga magoti, akaingia chini ya meza. Kuku akamdonoa mkono. Akambembeleza, akadonolewa tena. Akachomoa, akachomeka.

"Kimewaka! Lakini kimekuwa manjano, kama mgonjwa wa ini!"

"Waya haujakaa. Kuna skrubu mbili kandokando. Kaza."

Akakaza. Manjano ikatoweka, nambari zikajitokeza, na mzigo wa Waliaula ukasomeka, mwembamba kuliko alivyokuwa akidai. Mwenyekiti Absalom alipofika mlangoni, Nakhungu alikuwa kitini akihema.

"Ilikuwa nini?"

"Joto la kibayolojia, Mwenyekiti," Frankline akasema bila kupepesa. "Lilitulia nyuma ya mashine, likahamisha kiunganishi kutoka mfumo hai hadi mfumo ulionyamazishwa."

Mwenyekiti akatikisa kichwa polepole, vile wakubwa hutikisa wakiwa hawajaelewa. "Hilo ndilo nililokuwa nikihofia."

"Kwa hivyo mashine isisogezwe. Chini ya meza pasifagiliwe kwa wiki mbili. Na pasichunguliwe. Hasa pasichunguliwe."

"Umesikia, Nakhungu?"

"Nimesikia, Mwenyekiti."

Mwenyekiti akamnyooshea kidole kichwani. Unyoya mweupe ulikuwa umekaa juu ya kitambaa chake cha kichwa. "Na huo?"

"Huo ni wa kupangusia vumbi," Frankline akadakia. "Sisi wa maseva hatutumii vitambaa. Vinakwaruza."

Mwenyekiti akaenda zake, akilikariri lile joto chini kwa chini ili alitumie mkutanoni. Nakhungu akabaki akitazama mgongo wa Frankline aliyekuwa akifunga begi. Uongo wote ule, akawaza, na hata mmoja haukuwa wa kujisifu.

"Waliaula," akaita. "Mwambie huyo injinia aje nyumbani Jumapili, na wazee wake."

"Wazee gani, Mama?"

"Wale wa kunyamaza. Wa kuongea tumeshampata."