Kitasa cha Choo

Nitaanza na mzaha wenyewe, maana huo ndio ulionilisha miaka minane. Mimi ni mshereheshaji. Harusi, maadhimisho ya ndoa, kumuaga mstaafu, popote penye ukumbi na maikrofoni, naitwa. Watu hawanijui kwa jina, wananijua kwa Redio. Wanasema nikishawashwa sizimiki mpaka umeme ukatike.

Mzaha ni huu. Nasubiri watu wale, walegee kwenye viti, kisha nasema: "Jamani, mimi nimeolewa na Bwana Sawa. Ukimwambia chakula kimeiva, sawa. Ukimwambia nyumba inaungua, sawa." Wanacheka kidogo. "Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Huo mshindo mimi nausubiri mpaka leo." Wanazidi kucheka. "Ndoa yetu ilipotimiza mwaka, wenzangu wanapewa mikufu, wanapewa marashi. Mimi nikaletewa kifurushi kimefungwa kwa gazeti. Nafungua taratibu, moyo unanidunda. Nakuta nini? Kitasa! Kitasa cha choo! Nikamwuliza, mume wangu, nikivae shingoni au sikioni? Akanijibu, 'Popote, sawa.'"

Hapo ukumbi wote hoi. Nimeona bibi harusi akilia wanja kwa kucheka. Nimeona mzee wa heshima zake akipiga meza mpaka soda ikamwagika. Watu wakaanza kunikodi kwa ajili ya mzaha huo, na wakati mwingine mama wa bibi harusi alinipigia simu mapema kuhakikisha: "Redio, kitasa kitakuwepo, eti?"

Mwenye kitasa chake ni fundi wa kufuli. Ana kibanda kidogo kando ya stesheni, mashine moja ya kuchongea funguo na ubao uliojaa funguo zisizo na wenyewe. Hakuwahi kuja kwenye shughuli yangu hata moja. Nikirudi nyumbani huniuliza neno moja tu: "Walifurahi?" Nikisema walifurahi, husema, "Sawa," na kunimiminia chai. Sikukuu ya ndoa yetu ilikuwa ikipita hivyo hivyo. Anaamka, anasema, "Mama, leo tumetimiza," anachukua mkoba wake wa vifaa, anaenda kazini. Mimi nilikuwa nimeshakata tamaa, na kukata tamaa kwangu nilikugeuza kuwa kazi.

Ilipokaribia miaka ishirini, wenzangu wa kwenye shughuli hawakukubali. Mpambaji alisema, "Wewe umesherehekea ndoa za watu wote, yako ipite kama mgonjwa kwenye foleni?" Dijei akaahidi muziki. Mwoka keki akasema keki ni juu yake na nisiulize itakuwaje. Nikamwambia mume wangu kwamba Jumapili mchana tuna ukumbi na wageni sabini. Aliwaza kidogo.

"Nitatakiwa kusema?"

"Hutatakiwa. Mimi ndiye nitasema."

"Sawa."

Tulipokuwa tunavaa, binti yetu aliingia chumbani. Ana miaka kumi na saba na uso wa baba yake, ule usioomba kitu. Alisubiri baba yake atoke, akafunga mlango.

"Mama, ule mzaha usiuseme leo."

"Kwa nini?"

"Leo yupo."

"Baba yako hajali. Ungekuwa unamkera angesema."

"Lini Baba amewahi kusema?"

Nilimwambia anifunge zipu na aache kunifundisha kazi. Maneno hayo nayakumbuka vizuri. Nilionywa na mtoto niliyemzaa, tena nyumbani kwangu, nikiwa bado sijapaka hata poda. Siwezi kusema sikujua.

Ukumbi ulipendeza, sina la kumlaumu mpambaji. Mume wangu alikaa meza ya mbele na shati jeupe alilolipiga pasi mwenyewe. Alikuwa amesugua vidole kwa brashi mpaka vikawa vyekundu, lakini unga wa chuma ulikuwa haujatoka wote kwenye kucha. Aliwaamkia wakubwa, akapokea pongezi, akasema sawa, sawa, ahsante. Kisha keki ikaletwa kwenye kitoroli, imefunikwa kwa kitambaa. Mwoka keki akakivuta.

Ilikuwa kitasa. Keki nzima ilikuwa kitasa, chenye mpini wa rangi ya dhahabu na tundu la ufunguo la chokoleti, na chini yake maandishi mekundu: MIAKA 20 YA KITASA CHA CHOO. Watu walishangilia mpaka nikaona madirisha yakitikisika. Mimi nilicheka kuliko wote.

Mume wangu aliinama akaitazama kwa karibu, kama anavyotazama kazi ya fundi mwenzake. "Kimetengenezwa vizuri," alimwambia mwoka keki. "Hata skrubu umeweka."

Sabini wamekula, wamelegea, maikrofoni iko mkononi mwangu, keki yenyewe inanitazama. Nikausema mzaha. Niliusema vizuri kuliko siku zote, nikatembea mbele ya meza yake, nikamwonyesha kwa kidole kwenye "Bwana Sawa", na nilipofika "shingoni au sikioni" nikavua mkufu wangu nikauning'iniza mbele ya pua yake. Alitabasamu na kutazama sahani. Na kelele zilipoanza kupungua, binti yetu akasimama.

"Baba," alisema. Hakuwa na maikrofoni lakini kila mtu alimsikia. "Lakini kwa nini kitasa?"

Miaka minane, hakuna aliyewahi kuuliza. Wageni walidhani ni sehemu ya mchezo, wakaanza kupiga meza. "Jibu! Bwana Sawa, jibu!" Dijei akamletea maikrofoni ya pili. Mume wangu akaishika kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa watu. Hakumtazama binti yetu wala wageni. Alinitazama mimi, na hapo ndipo nilipokumbuka. Sikuwa nimesahau, la hasha. Ila jambo ukilisimulia mara mia mbili, unabaki unakumbuka unavyolisimulia, na lenyewe linakaa nyuma huko kama mgeni asiyekaribishwa ndani.

Mwaka ule wa kwanza tulipanga chumba kimoja kwenye nyumba ya ua. Wapangaji sita, bafu moja upande huu, choo upande ule. Mlango wa bafu ulifungwa kwa kamba na msumari. Jirani wa chumba cha pili alikuwa akisubiri niingie, kisha anausukuma. Mara ya kwanza alisema samahani, hakujua kuna mtu. Mara ya pili hakusema kitu. Mara ya tatu alisimama mlangoni akatabasamu, mimi nikiwa nimejikunyata na kopo mkononi, sabuni machoni. Baada ya hapo sikuoga tena bafuni. Nilijifuta kwa kitambaa chumbani, nimefunga dirisha, na nilikuwa nanuka, na nilijua nanuka. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nilimwambia mume wangu peke yake, usiku, nimegeukia ukuta. Aliuliza, "Mara ngapi?" Nikasema tatu. Akanyamaza, nami nikamchukia kwa kunyamaza kule. Nilitaka apige mtu.

Kesho yake ndoa yetu ilikuwa inatimiza mwaka. Alirudi na kifurushi cha gazeti. Wakati huo hakuwa na kibanda, alikuwa anajifunza kazi kwa fundi mwingine, na kitasa kile alikichukua kwa ahadi ya kukifanyia kazi Jumapili mbili. Alianza kukifunga kwenye mlango wa bafu jioni, watu wote wako uani. Jirani yule alipotoka chumbani, mume wangu akamwita kwa adabu: "Kaka, hebu nishikie mlango hapa." Akamshikisha. Alikaza skrubu moja moja, bila haraka, uso wake na uso wa yule mtu karibu hivi, na wanawake wote wa nyumba ile wamesimama wanatazama mtu yule akiushika mlango. Hakumwambia neno. Mwisho wa mwezi jirani alihama. Na jioni ile mimi niliingia, nikazungusha kitasa, nikajimwagia maji kichwa kizima.

Hayo ndiyo aliyokuwa nayo mume wangu mdomoni, mbele ya watu sabini. Angeyasema, nisingekuwa na haki ya kumlaumu. Ningekuwa nimestahili. Aliinua maikrofoni.

"Kilikuwa kimebaki dukani," alisema.

Ukumbi ulilipuka. Mtu alianguka na kiti. Binti yetu aliketi polepole. Mimi nilielewa nilichofanyiwa. Naapa nilielewa pale pale. Alikuwa amejipaka matope yeye ili mimi nibaki safi. Na mdomo wangu, huu uliozoea kutoacha kicheko kipoe, ukasema kwenye maikrofoni: "Mmesikia wenyewe! Kumbe zawadi yangu ilikuwa mabaki!"

Wakacheka upya. Nikawa natamani ardhi ipasuke, na huku natabasamu, maana meno yangu yameshazoea. Mdomo uliponza kichwa, wanasema, lakini wangu ulimponza mwenzangu, na kichwa changu kikabaki kimesukwa vizuri.

Ikaja zamu ya keki. Alikata kipande kwenye mpini, akanilisha kwa mkono wake, watu wakipiga picha. Nilikitafuna. Mpiga picha, kijana wa mtaa wa stesheni, alikuwa anacheka nyuma ya kamera: "Shemeji, sisi pale kibandani hatumwiti jina siku hizi. Kitasa! Hata watoto wa shule wakipita. Kitasa cha Choo! Anaitika tu." Nilimwuliza tangu lini. Akasema, tangu yeye aanze kazi, miaka sita. Miaka sita yote mume wangu amekuwa akirudi kutoka kuitwa hivyo, ananiuliza mimi kama watu walifurahi.

Tulifika nyumbani jua bado halijazama. Niliingia bafuni nikafunga mlango. Kitasa ni kile kile. Tumehama nyumba tatu, na kila tunapohama hukifungua skrubu, hukiweka mfukoni, hukifunga tunakokwenda. Nimekizungusha kila siku ya maisha yangu, hata asubuhi ile kabla ya kwenda kumcheka. Nilikaa juu ya ndoo na gauni langu la shughuli. Mwanzoni, niseme haki, nilipousema mzaha ule mara ya kwanza, bibi harusi amechelewa na watu wameanza kupiga miluzi, nilisema kitasa cha bafu. Walicheka kiasi. Mara ya tatu nikajaribu choo, wakacheka sana. Nikabaki na choo.

Nilipotoka alikuwa sebuleni anavua viatu. Binti yetu alikuwa jikoni, anaosha vyombo visivyo vichafu.

"Kwa nini ulisema kilibaki dukani?" nilimwuliza.

"Ningesema nini? Watu walikuwa wengi."

"Ungesema ukweli."

"Jambo lile ni lako, mama. Hukuwahi kumwambia mtu. Mimi nitaanzia wapi?"

Nikamwomba msamaha. Mimi ninayewapangia watu wengine maneno ya kumaliza ugomvi, niliweza kusema nisamehe tu, mara mbili, halafu nikakwama. Alipanga viatu vyake pamoja ukutani.

"Sawa," alisema.

Neno hilo nimelicheka miaka minane, na siku ile ningetoa chochote asiliseme. Ningetaka agombe. Alisimama kama anakwenda zake, kisha akarudi akashika mgongo wa kiti.

"Lakini," alisema.

Katika miaka ishirini sijui kama nimewahi kumsikia akianza na neno hilo.

"Hakikuwa cha choo. Mtaani, kibandani, mimi siwezi kumsahihisha kila mtu. Lakini wewe ulikuwepo. Kilikuwa cha bafu. Siku ile uliingia, ukaoga, ukaanza kuimba. Ulikuwa hujaimba miezi miwili. Nilikaa nje kwenye ndoo mpaka ukamaliza." Alikuna kucha yake yenye unga wa chuma. "Sema utakavyo, walipe, wacheke. Ila usiseme choo."

Nilikuwa sijui kwamba alikuwa nje. Miaka ishirini nimelalamika kwamba mtu huyu hajawahi kusherehekea, na yeye alisherehekea akiwa amekaa juu ya ndoo, mimi ndani nimejifungia, namwaga maji na kuimba. Aibu niliyoipata haikuwa ya kulia. Ilikuwa ya kukosa pa kuweka mikono.

Jikoni bomba lilikuwa limefungwa. Binti yetu amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo, na nilijua amesikia nusu, ile nusu isiyoeleweka bila nyingine. Mume wangu alinitazama. Hakunisukuma wala hakunizuia.

"Njoo ukae," nilimwambia binti yetu. "Uliuliza swali."

Akaja akakaa karibu na baba yake, sio karibu na mimi. Nilianza mwanzo, kwenye kamba na msumari. Sauti yangu bila maikrofoni ilikuwa ndogo hata mimi ikanishangaza. Nilisema mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilisema kwamba nilikuwa nanuka. Nilipofika kwenye kifurushi cha gazeti, mdomo wenyewe ulitaka kutulia kidogo, kwa mazoea, ule utulivu wa kusubiri watu wajiandae kucheka. Niliupita.

"Nikakifungua," nilisema. "Kilikuwa kitasa cha bafu."